Kuponda Kidonge ni Kutengeneza Dawa Upya

Mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mpira wa chakula, uwe umepitishwa puani au umetobolewa tumboni, hofu ya kwanza ya familia huwa ni chakula. Watauliza uji uwe mwepesi kiasi gani, maziwa yachemshwe vipi, alishwe mara ngapi kwa siku. Ni maswali ya haki, na wauguzi huyajibu. Dawa ndizo hukosa wa kuziulizia. Zimo kwenye mfuko, vidonge vile vile ambavyo angepewa mtu anayemeza mwenyewe, na kila mmoja anachukulia kwamba vitapondwa, vitatiwa maji na kupitishwa. Nasema hatari kubwa imejificha hapo. Kidonge kilichopondwa mara nyingine si dawa ile ile tena: nguvu yake imebadilika na mwendo wake mwilini umebadilika. Anayeponda kidonge anatengeneza dawa upya, na kwa hiyo uamuzi wa kuponda ni wa daktari au mfamasia, kidonge kwa kidonge, kabla mgonjwa hajapanda gari la kurudi kijijini, iwe Lukuledi, Lulindi au Kitangari.

Watu wanaoishi hivi majumbani ni wa aina nyingi. Yupo mzee aliyepatwa na kiharusi akashindwa kumeza, mwenye saratani ya koo la chakula, kijana aliyeumia kichwa kwa ajali ya bodaboda, mtoto mwenye utindio wa ubongo. Kiharusi nakitaja kwanza kwa makusudi. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kuanzia 2003 hadi 2006, na kuchapishwa 2010, ulionyesha kwamba kiwango cha kiharusi Hai, ukizingatia umri wa watu, kinalingana na kile cha nchi tajiri, na kile cha Dar es Salaam kinazidi. Wengi wanaopata kiharusi wana presha, na mgonjwa wa presha aliyewekewa mpira ndiye anayeweza kudhurika haraka zaidi na kidonge kilichopondwa bila kuuliza.

Chukua nifedipini, dawa ya presha inayojulikana sana nchini. Kile kidonge cha miligramu 20 kinachotumika mara mbili kwa siku kimeundwa kiachie dawa kidogo kidogo kwa muda wa karibu saa 12. Ukikiponda unavunja muundo huo, na dawa ya nusu siku nzima inaingia kwenye damu kwa mkupuo. Presha inaporomoka ghafla, na ubongo ambao tayari umejeruhiwa kwa kukosa damu unakoseshwa damu mara ya pili. Baadaye, dawa ikishaisha kabla ya wakati wake, presha hupanda tena na saa nyingi zinapita bila kinga. Si hofu ya kubuni. Mwaka 1996 madaktari waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani wakikusanya taarifa za wagonjwa waliopata kiharusi au shambulio la moyo baada ya kupewa nifedipini ya kufanya kazi haraka, wakataka matumizi hayo yasimamishwe. Anayeponda kidonge cha polepole anakigeuza kuwa kile cha haraka bila kujua. Suluhisho lipo na si la gharama kubwa: daktari anaweza kumhamishia mgonjwa kwenye amlodipini, ambayo hukaa mwilini muda mrefu kwa asili yake yenyewe, si kwa muundo wa kidonge, kwa hiyo inaweza kupondwa na hutolewa mara moja tu kwa siku. Lakini daktari hawezi kubadilisha asichokumbushwa. Tazama pakiti: ukiona herufi SR, XR, MR, CR, LA au neno Retard baada ya jina la dawa, weka kidonge hicho pembeni mpaka upate jibu.

Kundi la pili ni vidonge vilivyovikwa ganda ili vipite tumboni bila kuguswa na asidi. Diklofenaki nyingi ziko hivyo, na baadhi ya aspirini, na pakiti zake huweza kuandikwa EC. Ganda lenyewe linalinda ama tumbo dhidi ya dawa, ama dawa dhidi ya tumbo. Omeprazoli ni mfano wa aina hii ya mwisho. Ukifungua kapsuli yake utaona punje ndogo nyeupe, kila moja ikiwa na ganda lake. Mtu akizisaga, asidi ya tumboni itaiharibu dawa kabla haijaanza kazi. Akiziacha nzima, zitajazana ndani ya mpira mwembamba wa puani na kuuziba. Vyovyote utakavyofanya nyumbani na kapsuli hiyo ya kawaida unapoteza, kwa hiyo cha kuomba ni dawa nyingine au aina nyingine. Nje ya makundi haya mawili, kwa upande wa ARV, kuna ushahidi wa wazi zaidi wa kidonge kupoteza nguvu kikipondwa. Utafiti uliochapishwa 2011 ulipima damu za watoto waliopewa vidonge vya lopinaviri na ritonaviri vikiwa vizima na vikiwa vimepondwa, na ikaonekana kwamba vilipopondwa dawa iliyofika mwilini ilipungua kwa karibu nusu. Mama wa mtoto anayepondewa vidonge hivyo angeapa kwamba hajaruka dozi hata siku moja, na angekuwa anasema kweli.

Hapa msomaji makini atanipinga: kidonge kikimezwa si kitavunjika tumboni tu? Kukivunja nje ni kulisaidia tumbo. Kwa dawa nyingi anayesema hivyo yuko sahihi, na mfano mzuri tunao hapa hapa. Mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililoongozwa na Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara, likihusisha watoto 899 wenye malaria katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo. Baadhi walipewa dawa mseto ya kuyeyuka kwenye maji, wengine vidonge vya kawaida vilivyopondwa. Baada ya siku 28 waliopona walikuwa asilimia 97.8 kwa kundi la kwanza na 98.5 kwa la pili, yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Dawa mseto iliyopondwa inatibu. Sasa iweke hiyo kando ya lopinaviri: vidonge viwili kwa macho vinafanana, kimoja kinapondwa salama na kingine kinapoteza karibu nusu ya kazi yake. Ndiyo sababu sikubaliani na anayesema vidonge vyote vipondwe, wala na anayekataza kuponda kidonge chochote. Rangi, ukubwa na bei ya kidonge havikuambii lolote. Anayejua ni mtu aliyesoma kilivyoundwa.

Pingamizi zito zaidi ni la umbali. Mfamasia yuko katika hospitali za Ndanda, Mkomaindo na Ligula. Kijijini kuna zahanati na duka la dawa. Ni kweli. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 umesogeza dawa karibu na watu wa vijijini, na wauzaji wake wamepewa mafunzo, lakini mafunzo hayo ni ya kuuza orodha maalumu ya dawa. Kumtaka muuzaji aamue kama kidonge cha kifafa kipite kwenye mpira ni kumbebesha mzigo usio wake. Kwa sababu ya umbali huo huo, swali liulizwe siku ya kuruhusiwa, mfuko wa dawa ukiwa mkononi. Toa pakiti moja moja na umwulize mfamasia au daktari: hii inapondwa? Kama haipondwi, iko ya maji au ya kuyeyuka, au ipo nyingine ya kazi hiyo hiyo? Itolewe kabla ya chakula, pamoja nacho, au mbali nacho? Jibu liandikwe kwa kalamu juu ya pakiti, kwa Kiswahili, kwa sababu atakayetoa dawa wiki ijayo huenda akawa shangazi au binamu ambaye leo hayupo. Omba na namba ya simu ya wodi au ya famasi. Kazi hii haimalizi hata nusu saa, na kwa usalama wa mgonjwa ina uzito kuliko yote utakayofanya baadaye nyumbani. Tumia pia nafasi hiyo kuuliza kama orodha inaweza kupunguzwa. Msimu wa korosho ukifika, nani atabaki nyumbani kutoa dawa mara nne kwa siku? Dawa nyingi zina ndugu zao wa mara moja kwa siku, na kila dozi inayopungua ni nafasi moja pungufu ya mpira kuziba.

Dawa ya maji nayo isidhaniwe kuwa jibu la kila kitu. Baadhi ni nzito na hugandamana kwenye kuta za mpira. Ile ya kabamazepini hunata kwenye mpira wenyewe, kwa hiyo huchanganywa kwanza na maji ya kiasi sawa na dozi. Nyingine hutiwa utamu wa sobitoli, na mgonjwa anayepewa kadhaa kwa siku anaweza kuharisha, familia ikadhani uji umeharibika.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, nayo inaanza na mgonjwa, si na dawa. Akalishwe, au ainuliwe kwa mito mpaka kifua kiwe juu vya kutosha, na abaki hivyo angalau nusu saa baada ya kumaliza, ili kilichoingia kisipande na kushukia kwenye mapafu. Kwa mpira wa puani, hospitali huweka alama mahali unapoingilia tundu la pua. Kama haikuwekwa, omba iwekwe. Kila mara, kabla ya kutia chochote, angalia alama hiyo. Ikiwa imesogea nje, au mpira unaonekana umejikunja mdomoni, au mgonjwa anakohoa na kuhema kuliko kawaida, usitie hata maji. Kipimo cha kuaminika ni kuvuta majimaji kidogo na kuyapima kwa karatasi ya pH; namba isizidi 5.5, ingawa anayetumia omeprazoli anaweza kuonyesha namba ya juu zaidi mpira ukiwa mahali pake. Kama hospitali inaweza kukupa karatasi hizo, zichukue. Njia ya kupuliza hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza mlio tumboni bado inatumiwa na wengi, lakini shirika la usalama wa wagonjwa la Uingereza lilionya tangu 2005 kwamba isitegemewe, kwa kuwa mlio unaweza kusikika hata mpira ukiwa umeingia kwenye pafu.

Bomba la sindano liwe kubwa, la mililita 50 au 60, na lisiwe na sindano. Bomba dogo linasukuma kwa shinikizo kubwa na linaweza kupasua mpira. Kwa vidonge vingi vinavyoruhusiwa huhitaji hata kuponda: chomoa msukumo, tumbukiza kidonge ndani ya bomba, rudisha msukumo, vuta mililita 10 za maji safi, ziba mdomo wa bomba kwa kidole na utikise taratibu. Subiri dakika chache. Vingi vitalainika na kusambaratika humo humo, na hakuna unga uliopotea wala kuvutwa puani na anayeandaa. Kile kigumu kipondwe katikati ya vijiko viwili vya chuma, au kwenye kinu kidogo kilichotengwa kwa dawa tu, kamwe kisiwe kile cha pilipili na karanga. Unga uwe laini kabisa. Chombo ulichopondea kisuuzwe kwa maji kidogo, na maji hayo nayo yapite kwenye mpira, kwa sababu kilichobaki kwenye kijiko ni sehemu ya dozi.

Kisha maji, na hapa sina cha kupunguza. Kwa mtu mzima, tanguliza mililita 30 za maji safi, pitisha dawa ya kwanza, fuatisha mililita 15, dawa ya pili, mililita 15, na mwishoni mililita 30 tena. Kila dawa iende peke yake. Kuzichanganya zote kwenye kikombe kimoja kunaokoa dakika tano, lakini dawa zinaweza kushikana zenyewe kwa zenyewe, na mpira ukiziba katikati hujui ni ipi iliyoingia na ipi iliyobaki. Wapo watakaosema huko Newala, kwenye uwanda wa juu, maji ni ya shida, na ni kweli. Watu wa huko wameishi vizazi vingi kwa kukinga mvua na kushuka bondeni kuchota. Lakini tupige hesabu. Dawa tatu, kila moja kwenye mililita 10 zake, pamoja na maji ya kutangulia, ya kati na ya mwisho, ni mililita 120. Hata zikitolewa mara tatu kwa siku haifiki nusu lita. Chemsha asubuhi, acha yapoe, yaweke kwenye chupa safi yenye kifuniko, na hata siku ambayo maji yaliyopo ni ya kunywa tu, chupa hiyo isikosekane. Watoto hupewa kidogo zaidi, na kichanga mililita chache tu. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo, maji haya yahesabiwe kwenye kiasi alichopangiwa. Kwa wote hao hospitali ndiyo itaje kipimo.

Desturi ya kutia dawa ndani ya uji inaeleweka, kwani mtoto anayekataa dawa hudanganywa hivyo. Mwenye mpira haonji, kwa hiyo hakuna wa kudanganywa, na hasara zinabaki. Uji na dawa hushikana na kuganda. Uji usipoisha, dozi haijaisha. Na kuna dawa zinazonaswa na chakula: tangu 1982 ilichapishwa taarifa kwamba wagonjwa waliolishwa kwa mpira mfululizo walikuwa na fenitoini kidogo sana kwenye damu, ikapanda chakula kilipositishwa. Ndiyo maana fenitoini hutengwa na chakula kwa saa moja hadi mbili kabla na baada. Siprofloksasini nayo hunaswa na maziwa. Dawa mseto ya malaria ni kinyume chake, inahitaji mafuta ili iingie vizuri mwilini, hivyo mpe maziwa au uji wa karanga uliochujwa vyema mara tu baada ya kuusafisha mpira. Na kwa mgonjwa wa kisukari kuna sheria moja ambayo ningependa ibandikwe ukutani: glibenklamidi au insulini ya wakati wa mlo isitolewe mpaka umehakikisha mpira unapitisha na chakula kiko tayari. Ukitoa dawa, kisha mpira ukaziba kabla ya uji, sukari itashuka na huna njia ya kuipandisha.

Wenye mpira wa tumboni waangalie jambo moja la ziada. Mara kwa mara mpira unaotumika ni wa aina ya Foley, ule ule wa mkojo, wenye midomo miwili. Mdomo mmoja ni wa njia kuu. Mwingine, wenye vali na rangi yake, ni wa puto linaloshikilia mpira ndani ya tumbo. Dawa au uji ukitiwa kwenye mdomo wa puto, haufiki tumboni na puto linaweza kupasuka, mpira ukachomoka. Mwombe muuguzi akuonyeshe kwa kidole, kisha ufunge mdomo wa puto kwa plasta na kuandika juu yake USITIE.

Mpira ukiziba, vuta na sukuma taratibu maji ya uvuguvugu kwa bomba kubwa, acha yakae robo saa, rudia. Soda haifai ingawa wengi huipendekeza. Asidi yake inagandisha protini ya maziwa na kukaza kizibo. Waya au njiti ya kuchokolea ni marufuku, itatoboa mpira au utumbo. Kisipofunguka, ni safari ya hospitali.

Kuna dawa zinazoweza kumdhuru hata anayeziponda. Haidroksiurea ya selimundu na methotreksati zisipondwe nyumbani bila maelekezo, na mjamzito asizishike kabisa. Kuhusu mitishamba, sisemi kwa dharau, maana najua ni nyumba ngapi za Wamakonde, Wayao na Wamakua zinaitegemea. Lakini unga wa mizizi hauyeyuki, unatuama ndani ya mpira, na hakuna anayejua utafanya nini ukikutana na dawa ya presha au ya kifafa. Mweleze daktari wazi kinachotumika. Kinachofichwa hakiwezi kupangiwa nafasi salama.

Mpira ukichomoka, usiurudishe mwenyewe. Tundu la tumboni huanza kuziba ndani ya saa chache, kwa hiyo lifunike kwa kitambaa safi na uende hospitali siku hiyo hiyo ukiwa umebeba mpira uliotoka. Nenda na pakiti zote za dawa, na umwambie wa kwanza atakayekupokea ni dozi ipi imekosekana na saa ngapi. Dawa ya kifafa, ya kisukari na ARV zitajwe mbele ya nyingine zote, na ya kifafa kabla ya zote, kwa kuwa degedege linaweza kurudi usiku huo huo.